Ikulu ya Rumanyika na kasri la Kerzner

Desemba 1992 tajiri wa hoteli Sol Kerzner alifungua hoteli ya vyumba 338 katika nyika kavu, kaskazini-magharibi mwa Johannesburg, akaiita The Palace of the Lost City, yaani kasri la mji uliopotea. Mji wenyewe haukuwahi kuwepo. Waliutunga wabunifu wa hoteli: watu fulani walishuka kutoka kaskazini, wakakuta bonde zuri, wakajenga mji wa fahari wenye mfalme na hazina, kisha tetemeko la ardhi likaufukia. Kerzner ndiye "aliyeufukua". Akaweka minara mirefu, sanamu za tembo na chui, msitu uliopandwa kwa mkono mahali palipokuwa na vichaka, na ufukwe wa mchanga wenye mawimbi ya mtambo, bahari ikiwa mamia ya kilomita kutoka hapo. Lipo pia daraja linalotikisika na kunguruma kwa saa zilizopangwa, ili mgeni alionje lile tetemeko. Msomaji wa Bukoba aliyelala nje ya nyumba yake Septemba 2016, baada ya tetemeko la ukubwa wa 5.9, atajiuliza ni nani anayelipa ili atikiswe. Wapo, tena wanalipa vizuri.

Karagwe na Kyerwa, wilaya mbili za mkoa wa Kagera, zina kila alichokibuni Kerzner, isipokuwa hoteli. Mfalme alikuwepo, na jina lake limebaki kwenye hifadhi ya taifa: Rumanyika. Hazina yake ilionwa kwa macho na kuandikwa. Maji ya moto yanabubujika Mtagata, upande wa Kyerwa. Wanyama wapo, ingawa si kama zamani, katika hifadhi za Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa, ambazo zilikuwa mapori ya akiba mpaka 2019 zilipopandishwa hadhi. Tangu hapo wimbo wa "wawekezaji waje" umekuwa ukiimbwa kwa sauti ya juu, na yanapotajwa mambo ya hoteli kubwa hakosekani wa kuongeza kwamba iwe na kasino, kwa sababu mgeni akishatazama wanyama mchana anahitaji burudani usiku. Viongozi wa dini wana majibu yao juu ya hilo. Mimi ninataka kwanza tulijibu kwa kalamu na karatasi.

Gurudumu la ruleti la Ulaya lina vishimo 37, kuanzia sifuri hadi 36. Ukiweka shilingi 1,000 kwenye namba moja nayo ikatokea, unalipwa 35,000 na elfu yako unarudishiwa. Sasa tuseme umeamua kuzifunika namba zote, elfu moja kila moja. Umetoa 37,000, utaondoka na 36,000. Nyumba imebaki na elfu moja, sawa na asilimia 2.7. Hakuna uganga hapo, wala sumaku chini ya meza. Muuza dagaa wa sokoni Kayanga angeambiwa afanye biashara kwa faida hiyo angefunga meza yake siku hiyo hiyo.

Lakini dagaa akishauzwa ameuzwa. Gurudumu huzungushwa mara thelathini hadi arobaini kwa saa, na fedha ile ile ya mgeni inapita mezani tena na tena, ikimegwa kidogo kila inapopita. Aliyeingia na laki mbili mfukoni, akawa anacheza elfu kumi kila mzunguko, kwa saa moja ya mizunguko arobaini ameshaweka mezani jumla ya laki nne, na kwa wastani nyumba imechukua kama elfu kumi na moja. Kwa saa tano ni zaidi ya elfu hamsini. Bahati itampandisha na kumshusha katikati ya hapo, atacheka na kulaani, lakini kadiri anavyokaa ndivyo wastani unavyomkaribia. Kasino inavuna muda wa mgeni. Hayo mengine yote, kuanzia ukumbi usio na saa ukutani wala dirisha, kinywaji cha bure, chumba cha bei ya kutupa, hadi onyesho la wachezaji wenye manyoya kichwani ambalo ukitoka lazima upite katikati ya mashine, ni gharama za kumfikisha mgeni na kumchelewesha kuondoka.

Wamarekani ndio waliotuonyesha jinsi hadithi inavyofanya kazi hiyo ya kumfikisha. Mwaka 1966 Jay Sarno alifungua Caesars Palace pale Las Vegas, Roma ya zege na sanamu za kuigiza, na kila mgeni akaambiwa kwamba yeye ndiye Kaisari. Mwaka 1989 Steve Wynn akafungua The Mirage, akaweka mbele yake volkano inayolipuka usiku. Volkano ile haikuwa na kiingilio. Mpita njia alisimama, akaitazama bure, akaingia ndani kutafuta kinywaji. Gesi iliyoungua nje ililipiwa na mtu aliyekuwa mezani ndani.

Kuna jambo ambalo wapenzi wetu wa kasino hawalitaji. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, hoteli kubwa za mtaa ule wa Las Vegas zinaingiza fedha nyingi zaidi kutokana na vyumba, chakula, vinywaji na maonyesho kuliko kutokana na kamari. Hadithi iliyoletwa kama chambo imekuwa samaki. Volkano ya The Mirage yenyewe imezimwa, hoteli ikafungwa Julai 2024. Anayeitaka Las Vegas iletwe Kagera, mara nyingi anaitaka Las Vegas ya mwaka 1975.

Na Sun City je, ambako kasri la Kerzner limejengwa? Pale siri ilikuwa mpaka. Afrika Kusini ya makaburu ilipiga marufuku kasino. Desemba 1977 utawala huo huo ukatangaza kwamba Bophuthatswana, moja ya vipande vya ardhi walikosukumiwa Waafrika, ni nchi huru, uhuru ambao hakuna taifa jingine duniani lililoukubali. "Nchi" ikawa na sheria zake, na miaka miwili baadaye, Desemba 1979, Kerzner akafungua Sun City, mwendo wa kama saa mbili kwa gari kutoka Johannesburg na Pretoria. Watu wa mjini, ambao kwao kamari ilikuwa dhambi na kosa la jinai kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, wakavuka mstari uliochorwa kwenye ramani, wakacheza Jumamosi, wakarudi kanisani Jumapili. Mwaka 1981 Frank Sinatra aliletwa kuimba, kwa malipo yanayotajwa kuwa zaidi ya dola milioni 1. Wakati huo Tanzania ilikuwa inawasomesha vijana wa ANC waliokimbia nchi yao, pale Mazimbu, Morogoro. Umoja wa Mataifa ukaanza kuorodhesha wasanii waliokwenda kutumbuiza huko, na mwaka 1985 mpiga gitaa Steven Van Zandt akawakusanya wanamuziki kurekodi wimbo wa kukataa kuimba Sun City.

Burudani ile, kwa hiyo, ilikuwa na bili mbili. Ya kwanza ililipwa na wachezaji kamari. Ya pili ililipwa na wenyeji wa Bophuthatswana, ambao nchi yao ya bandia ilihitajika iwepo ili meza za ruleti ziwe halali. Ubaguzi ulipokwisha, sheria ya 1996 ikaruhusu kasino katika majimbo yote ya Afrika Kusini, na Johannesburg ikapata za kwake. Sun City haikufa, ila ilibidi ijitafutie riziki nyingine: gofu, mikutano, familia zenye watoto, na hifadhi ya Pilanesberg iliyo jirani, ambayo wanyama wake wengi waliletwa kwa malori kuanzia 1979. Mpaka ulipoacha kulipa, kilichobaki kulipa ni wanyama na hadithi.

Sasa twende Murongo, mpakani mwa Kyerwa. Upande wa pili wa mto Kagera kuna Kikagati, Uganda. Ukishuka kusini, ng'ambo ya mto huo huo ni Rwanda. Wilaya zenye mipaka miwili namna hii zinaweza kumfanya mtu aote ndoto ya Bophuthatswana. Lakini Uganda ina sheria yake ya bahati nasibu na michezo ya kubahatisha tangu 2016, na Kampala ina kasino zake. Kigali nayo imewahi kuwa na kasino hotelini. Hakuna mfanyabiashara wa Mbarara atakayelala njiani kufuata Murongo kile anachokipata kwao. Kasino za Tanzania, tangu Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003 iunde Bodi yake, zimekaa mahali ambapo mgeni mwenye fedha alikuwa ameshafika kwa sababu nyingine: Dar es Salaam, Arusha, Mwanza. Hata Malindi, Kenya, Waitaliano walitangulia na kasino ikawafuata.

Vyumba 338 Karagwe? Hata vikijaa nusu tu ni wageni wa vyumba 169 kila usiku, mwaka mzima, wafike kwa ndege ya Bukoba na safari ya barabarani kupitia Kyaka, kwa ajili ya mchezo walioupita Kampala, Kigali au Mwanza. Kasino ya namna hiyo ingemaliza mwaka ikivuna muda wa watu wale wale walioko, na fedha ile ile iliyoko, ambayo ni ya kahawa, maharage na ndizi.

Na hao wameshaanza kuvunwa. Katika vijiji na miji midogo ya nchi hii, pembeni ya baa na maduka, linakaa dubwi. Litazame kwa karibu. Ni sanduku la bati lenye urefu wa mtoto wa darasa la tano, lenye kioo mbele. Kwenye kioo kuna duara la picha: tufaha, chungwa, kengele, tikiti, nyota, namba 77. Taa inazunguka juu ya picha hizo kwa kasi, inapunguza mwendo, inasimama. Chini kuna vitufe, kimoja kwa kila picha, vilivyochakaa kwa vidole. Unatumbukiza sarafu ya shilingi 200, unabonyeza tunda lako. Taa ikikuangukia, sarafu zinamwagika kwenye kisahani cha chuma kwa kelele zinazosikika mpaka barabarani, na kelele hizo ndizo Sinatra wa mahali hapo. Zikinyamaza, hakuna chumba cha kulala, hakuna supu, hakuna volkano. Sheria inamtaka mchezaji awe na miaka 18 na zaidi. Dubwi halina macho.

Mashine ya namna hii ni kasino iliyovuliwa nguo. Kerzner alilazimika kujenga kasri ili achukue asilimia yake. Dubwi linachukua bila kujenga chochote, na hesabu yake haijaandikwa popote ambapo mchezaji anaweza kuisoma. Ndiyo maana sioni ubishi wa "tuwe na kasino au tusiwe nayo" kama ubishi wa kweli.

Tena kuna kamari kubwa kuliko dubwi, isiyo na taa wala kelele. Mkulima wa Karagwe au Kyerwa anaijua kwa jina la butura. Kahawa ingali maua au mbichi mtini, ada ya shule imefika au mgonjwa yuko kitandani, anakuja mtu na fedha taslimu, wanakubaliana bei, na mavuno ya shamba hilo yanakuwa mali ya mwenye fedha. Serikali imeipiga marufuku, viongozi wameikemea kila msimu, na bado ipo, kwa sababu hakuna anayempa mkulima mkopo mwezi Januari. Itazame kama meza ya kamari. Bei inapangwa na upande wenye fedha, siku ambayo upande wa pili hauna hata senti. Bei ya soko ikianguka, mnunuzi wa butura amekwishaacha nafasi ya kutosha. Ikipanda kama ilivyopanda robusta duniani 2024, ushindi wote ni wake, na mkulima anasimama chini ya mibuni yake mwenyewe akiwatazama wengine wanachuma. Mwenye ruleti anachukua asilimia 2.7 na kukupa kinywaji. Simsifu, ninataka tu ionekane kwamba watu wanaoishi na butura wanaielewa kamari vizuri kuliko mshauri yeyote wa utalii atakayetumwa kuwaelimisha.

Ikiwa meza haziwezi kulipa Karagwe, kinachobaki ni hadithi, na hapo ndipo wilaya hizi zina utajiri wa kumtia wivu Kerzner.

Novemba 1861 wapelelezi wa Uingereza Speke na Grant waliingia Karagwe wakitokea nchi jirani ya Usui, ambako mtawala Suwarora na watu wake walikuwa wamewakamua hongo mpaka wakakata tamaa. Walipovuka mpaka mambo yakabadilika. Wakuu wa vijiji walikuwa na amri ya Rumanyika ya kuwalisha wageni kwa gharama ya mfalme, na Speke akaandika kwamba katika ufalme huu wageni hawatozwi kodi. Mtu wa hoteli akisoma kurasa hizo anacheka peke yake, maana ni mbinu anayoijua: mgeni mkubwa halipishwi chakula. Rumanyika alijua anachofanya. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa na makazi yao Kafuro, karibu na ikulu ya Bweranyange, akiwemo Mwarabu Ahmed bin Ibrahim aliyekaa miaka mingi. Nguo, shanga, shaba na bunduki zilifuata ukarimu. Usui ilitoza njiani ikachukiwa. Karagwe ilikirimu, ikapelekewa zawadi hadi mlangoni.

Na burudani ilikuwepo. Mwezi ulipoandama, mfalme aliketi amevaa mavazi yake rasmi na ngoma zikapangwa mstari, Speke akahesabu 35. Palikuwa na waimbaji wa enanga, zeze lile la kulaza lenye umbo la sinia refu, ambalo mpigaji wake husimulia vita na ukoo kwa usiku mzima. Palikuwa na kahawa ya kutafuna, pombe ya ndizi, maziwa. Grant, aliyezuiwa na mguu uliooza, aliweza kuondoka Aprili 1862 tu, na kama tunatafuta mgeni aliyelala muda mrefu kwa gharama ya nyumba, huyo ndiye. Mpelelezi mwingine, Stanley, alipofika 1876 alionyeshwa nyumba ya hazina: msonge mkubwa wenye mikuki ya chuma, ng'ombe na ndege waliofuliwa kwa shaba, kazi za mikono za utawala ambao ufuaji wa chuma ulikuwa sehemu ya ufalme wenyewe. Baadhi ya vitu vya namna hiyo vimehifadhiwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, ambako mtoto wa Bweranyange ana nafasi ndogo ya kuviona.

Kisha kuna zile simulizi mbili za kutawazwa. Alipofariki Ndagara, baba yake Rumanyika, wanawe watatu waligombea kiti. Ikawekwa mbele yao ngoma ndogo, nyepesi kwa mtoto kuibeba, lakini imetiwa dawa. Wawili walishindwa kuitikisa. Rumanyika akainyanyua kwa kidole kidogo. Na mfalme mteule, waliendelea kumwambia Speke, huketi mahali maalumu, ardhi ikaanza kuinuka chini yake polepole mpaka mawinguni. Akikubaliwa inamshusha taratibu. Akikataliwa inaporomoka ghafla. Rumanyika alimhakikishia mgeni wake kwamba yeye alipanda na kushuka salama. Ukimweleza mhandisi wa daraja la Kerzner jambo hili, atakuuliza ni nani mwenye hakimiliki.

Swali hilo la hakimiliki si la mzaha. Katika kukaa kwake Karagwe Speke alichukua zaidi ya alivyopewa. Alipomtazama Rumanyika, mrefu, mpole, mwenye maswali mazuri, hakukubali kwamba utawala ule ulitokana na watu wa mahali pale. Akatunga nadharia kwamba watawala wa nchi za maziwa makuu walitoka Uhabeshi, jamii bora iliyoshuka kutoka kaskazini ikawatawala wengine, akamsomesha hata Rumanyika mwenyewe habari za asili yake mpya kwa kutumia Biblia. Kitabu chake kilipotoka 1863, wazo hilo likasambaa. Lilipofika ng'ambo ya Kagera, wamisionari na wakoloni wa Rwanda wakalifanya somo la shule na msingi wa vitambulisho vya kikabila, na mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, Wanyambo, wenyeji wa Karagwe, waliona kwa macho yao maiti ambazo mto ulikuwa unazileta. Kambi za wakimbizi zilijengwa Ngara na Karagwe.

Rudi sasa kwenye hadithi ya Kerzner: watu walishuka kutoka kaskazini, wakajenga mji. Wabunifu wa 1992 pengine hawakuwahi kumsoma Speke. Hawakuhitaji. Wazo kwamba jengo zuri la Afrika lazima liwe limejengwa na waliotoka kwingine lilikuwa limeshakuwa hewa wanayoivuta, na sehemu kubwa ya hewa hiyo ilitokea Bweranyange. Ninapoona mpango wa hoteli ya "mandhari ya kifalme", huwa natazama kwanza ni mfalme wa nani, ameelezwa na nani.

Maana hatari iko wazi. Ukurasa wa Karagwe ambao wageni wanaurudia zaidi si wa ngoma wala wa hazina. Ni ule ambao Speke anampima kwa utepe shemeji wa mfalme, mmoja wa wanawake wa ikulu walionenepeshwa kwa maziwa, kama mtu anayepima ng'ombe mnadani. Mwekezaji asiye na msimamizi ataupachika ukurasa huo ukutani mwa baa, na wiki ya pili utakuwa na jina la kinywaji.

Hoteli inayowezekana hapa ni ndogo, na mfano wake uko ng'ambo, unaonekana kwa darubini. Hifadhi ya Akagera ya Rwanda, inayopakana na Tanzania kwenye mto huo huo, iliwekwa mwaka 2010 chini ya usimamizi wa pamoja wa serikali na shirika la African Parks. Simba walirudishwa 2015 kutoka Afrika Kusini, faru weusi 2017. Mwaka 2019 ikafunguliwa kambi ya Magashi, mahema machache tu kando ya ziwa, ambayo mgeni mmoja huilipia mamia ya dola kwa usiku. Na kampuni iliyotokana na Kerzner mwenyewe, yenye jina la One&Only, imefungua hoteli mbili Rwanda, Nyungwe na Kinigi. Inachouza huko ni sokwe, msitu na majani ya chai. Mzee wa kasino alifariki 2020. Biashara yake ilikuwa imeshahama meza.

Upande wetu ungeanza na misonge kumi, kumi na miwili, iliyoezekwa na mafundi wa hapo, kati ya Bweranyange na hifadhi. Usiku wa mwezi mwandamo ngoma zipigwe, siku nyingine ipigwe enanga, na hapa kuna jambo moja la kihasibu ambalo nalishikilia. Katika mipango ya biashara ya hoteli za porini niliyowahi kuipitia, ngoma za asili huwekwa kwenye fungu la "mengineyo", pamoja na dawa ya mbu. Wapigaji wanaambiwa wategemee bahashishi, nayo ni kamari nyingine. Wao ndio volkano ya nyumba, na volkano ilikuwa na bajeti. Kiasi cha kila usiku kiandikwe kwenye bei ya chumba, kilipwe mgeni awepo au asiwepo, na masimulizi yahakikiwe na wazee na wanahistoria kabla hayajafika kwenye kipeperushi. Vile vyuma vya Dar es Salaam vifuliwe upya kwa mfano na wahunzi, viwekwe Bweranyange, na kiingilio chake kisimamiwe na kijiji.

Wapo watakaosema misonge kumi haiwezi kuendesha wilaya mbili. Kweli haiwezi. Kahawa ndiyo inayoziendesha, na fedha za umma zikiwa za kuchagua, mkopo wa Januari kwa mkulima unakuja mbele ya hoteli yoyote.

Mtagata, lakini, isingoje. Stanley alipokwenda kule 1876 aliwakuta wagonjwa na wasafiri wamejaa kwenye maji, wanaume kwa wanawake, wamejenga vibanda vya kukaa mpaka wapone, na joto la chemchemi kwenye chanzo lilipita nyuzi 50 za Selsiasi. Kwa lugha ya leo hiyo ilikuwa hoteli ya tiba, kongwe kuliko zote nilizozitaja, na haikuwa na mwenyewe. Bado watu wa Kagera wanakwenda kuoga. Mwekezaji wa kwanza mwenye macho ataitaka kabla ya kuutaka mlima au ikulu, kwa sababu maji ya moto hayahitaji kulishwa wala kulindwa na askari wa wanyamapori, na wageni wa Ulaya wanayalipia kwa saa. Atakuja na michoro ya mabwawa yenye vigae, taulo nyeupe na geti. Wajumbe wa halmashauri ya Kyerwa watakaoletewa mkataba huo pale Rubwera wafungue moja kwa moja kifungu kinachosema nani ataingia bila tiketi, na kama kifungu hicho hakimo, wausogeze pembeni waendelee na ajenda inayofuata.